Daktari Asiyepiga Sindano

Rhotia, Jumapili 6 Machi 1983

Naanza daftari hili leo. Shule ilinipa kwa maandalio ya masomo, lakini maandalio ya darasa la tano ninayo kichwani tangu mwaka juzi. Naandika ili siku nikisingiziwa jambo niwe na tarehe. Nimeona watu wenye haki yao wakishindwa barazani kwa sababu tu hawakukumbuka ilikuwa siku gani.

Mambo yenyewe ni haya. Tarehe 12 Februari mke wangu Germana alijifungua mtoto ambaye hakulia. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Kwa desturi yetu Wairaqw, mwanamke aliyefikwa na hayo hukaa metimani, yaani hutengwa. Ana kikombe chake na sahani yake, hachoti maji kisimani, hakanyagi shamba la jirani, na jirani hamtembelei, mpaka siku atakapooshwa na kurudishwa kwa watu. Padri hapendi kusikia habari hizi, kwa hiyo hatumwambii. Mama yangu, ambaye namwita Aayo kama mama wote wanavyoitwa kwetu, amempa Germana jiko la nyuma akae humo. Mimi nimeachiwa niende kufundisha, maana watoto wa watu hawawezi kukaa bila mwalimu. Ila hapa nyumbani nisimguse wala nisile naye chombo kimoja.

Aayo amesema muda ni mpaka maharage yatoe maua. Hapo mimi, kama mume, nitakwenda kwa mzee Margwe kuomba siku ya kumwosha. Asipoomba mume, haombi mtu mwingine.

Jumanne 8 Machi

Mvua ya kweli imeanza. Tumepanda.

Alhamisi 17 Machi

Muuguzi Hyasinta wa zahanati yetu amenisimamisha njiani mbele ya wanafunzi.

"Mwalimu Raphaeli, mama hajambo? Anakula? Analala? Anaongea na nani?"

Nikamwambia amwulize Aayo. Akasema Aayo amekwisha kumfukuza mara mbili. Kisha akatoa kijitabu mfukoni na kuandika kitu, kifupi, kama maneno matatu hivi. Nilijaribu kusoma kichwachini nikaliona jina langu. Kwa nini liandikwe langu, wakati aliyejifungua si mimi?

Jumamosi 2 Aprili

Redio haisemi kitu kingine ila walanguzi na wahujumu uchumi. Mwalimu Inosenti, anayefundisha hesabu, amefukia katoni ya sabuni nyuma ya choo cha walimu, na sasa kila mtu anayepita karibu na choo anamtia jasho. Mimi sina cha kufukia. Hata hivyo nikiona Landrova ya serikali nabadili njia.

Germana anaushika mwiko kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kusikia. Nikimsalimu kwa mbali haitikii. Hatoki hata kuota jua. Aayo amemsifu mbele yangu, na Aayo si mtu wa kusifu wakwe.

Jumatatu 11 Aprili

Hyasinta tena. Safari hii amekuja mpaka shuleni. Anasema Karatu kuna daktari anayetoka Arusha kila Jumatano ya pili ya mwezi.

"Daktari wa nini?"

"Wa magonjwa ya akili."

"Mke wangu si kichaa, Sista."

"Sijasema kichaa, Mwalimu. Nimesema daktari."

Nilipomweleza Inosenti alicheka, kisha akafunga mlango wa ofisi. Anasema hao hawana kipimo wala sindano. Kazi yao ni kuuliza. Wanauliza mpaka useme neno moja la kukufunga, halafu unawekwa kwenye gari la Dodoma, kwenye hospitali ya vichaa, na waliopelekwa Dodoma yeye hajawahi kuwaona wakirudi. Nikamwuliza ni wangapi anaowajua waliopelekwa. Akasema hamjui hata mmoja, na hiyo ndiyo inayomtisha.

Kwa mwaka huu, mtu anayezunguka vijijini akiuliza maswali na kuandika majibu, mimi sina haja ya kuambiwa ametumwa na nani.

Jumatano 13 Aprili

Nimekwenda Karatu kumchunguza mwenyewe.

Shuleni nilisema naumwa kichwa. Nimetembea saa mbili na nusu kwenye tope mpaka viatu vikawa na uzito wa matofali. Huyo daktari amepewa chumba cha mwisho cha kituo cha afya, kile cha magodoro mabovu, na mlangoni wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Nimeona ajabu. Kituo hakina dawa za malaria za kutosha, lakini daktari wa akili yupo.

Kwenye benchi nilikaa karibu na mama wa Kimasai aliyetoka Kakesio, Nalotuesha, na mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu, mkono wake wote una kovu la moto.

"Na wewe unaanguka?" akaniuliza.

"Mimi sianguki popote."

"Huyu alikuwa anaanguka. Ameanguka kwa moto mara mbili. Watu wakasema kuna laana, hakuna mtu atakula na yeye. Sasa mwezi wa tatu hajaanguka."

"Alipigwa sindano?"

"Hapana. Kidonge. Na kuulizwa. Yeye anauliza, anauliza! Mpaka ng'ombe wangu wangapi akauliza."

Nikaona hiyo ni alama mbaya. Mtu wa kuuliza ng'ombe wako wangapi tunamjua.

Nilitegemea Mhindi au Mzungu. Kumbe ni Mmasai, jina lake Moringe, wa huko huko Kakesio, mtu wa miaka arobaini hivi, masikio yametobolewa, koti la mvua limetundikwa kwenye msumari nyuma yake. Babu zake na babu zangu waligombania ng'ombe kwa mikuki, nami leo nimekwenda kwa miguu yangu kukaa mbele yake.

"Kichwa kinauma tangu lini, Mwalimu?"

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mkono wa koti."

Nikauficha mkono. "Tangu Februari," nikasema, na palepale nikajuta kutaja mwezi.

"Februari kulitokea nini?"

"Hakuna."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Mama yangu. Na mke."

"Mke hajambo?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma wapi?"

Nikasimama. Nilimwambia kichwa kimepoa. Hakunizuia, wala hakuandika hata neno, na hilo ndilo limenisumbua njia nzima. Anayeandika unaweza kuliiba daftari lake. Huyu anaweka kichwani. Alisema tu, "Mlango huu unafunguliwa kila mwezi," akamwita mwingine. Nimetembea kwenda na kurudi na sikupewa hata aspro.

Jumapili 24 Aprili

Maharage yametoa maua. Nitakwenda kwa mzee Margwe kesho.

Jumatatu 25 Aprili

Mvua. Sikwenda.

Jumapili 1 Mei

Nimemwona mzee Margwe nje ya kanisa, lakini alikuwa na watu. Si jambo la kusema mbele za watu.

Alhamisi 5 Mei

Mvua imebomoa daraja dogo la kwa mzee Margwe. Ningeweza kuzunguka juu. Sikwenda.

Jumatano 11 Mei

Leo ni ile Jumatano ya pili. Hyasinta alinipitia asubuhi, nikamwambia nina mtihani wa darasa. Alinitazama, akaenda zake. Mwanamke huyu ana lake jambo. Labda analipwa kwa kila mgonjwa anayempeleka.

Jumapili 15 Mei

Aayo ameniuliza habari ya siku. Nimemwambia mzee Margwe anaumwa, tungoje. Maua yote yameanguka, maharage yana maganda sasa.

Sahani ya Germana imerudi kama ilivyokwenda. Kuku wamefaidi.

Ijumaa 20 Mei

Sahani vilevile. Aayo anasema amekonda. Nimesema ni kwa sababu ya baridi.

Jumapili 22 Mei

Landrova nyeupe ilisimama zahanati kwa Hyasinta jana, dakika kama ishirini. Inosenti ameihamisha sabuni.

Nimepita nyuma ya jiko leo kwa hatua za polepole, nijue anafanya nini kutwa. Ameketi, ametazama ukuta. Nilipokohoa hakugeuka. Zamani alikuwa akijua ninavyokohoa. Nimekwenda kusahihisha madaftari.

Jumatatu 30 Mei

Mvua inapungua. Baridi. Sikwenda kwa mzee.

Jumapili 5 Juni

Nitaandika yote, na kwa utaratibu.

Tulirudi kutoka misa kama saa tano. Kulikuwa na ukungu na manyunyu. Aayo alikwenda nyuma kupeleka uji, nikamsikia akiita jina la Germana mara mbili, halafu hakuita tena. Nilipotoka, jiko lilikuwa wazi. Kamba ya ndama haikuwapo kwenye mti wake. Aayo alikuwa tayari anapenya mahindi kwa mwili, anakimbia kuelekea korongoni. Mama yangu ana miaka sabini au zaidi. Sijawahi kumwona akikimbia.

Tulimkuta Germana ameketi ukingoni, chini ya mti ulioinama, kamba iko mapajani mwake. Alikuwa hai. Naandika hivyo kwanza ili nikisoma tena nianze na hilo. Alikuwa hai, amelowa, macho yake yanatazama ng'ambo. Mvua za mwezi mzima zimeumeza ukingo ule, na udongo chini ya miguu yake ulikuwa unamomonyoka vipande vipande.

Mimi nilikuwa nimempita Aayo njiani, nikafika nikasimama hatua tatu kutoka kwa Germana.

"Mshike!" Aayo akapiga kelele, yeye bado yuko nyuma yangu, pumzi zimemwishia.

"Aayo, bado hajaoshwa..."

"Mshike, mjinga wewe!"

Sikumshika. Nilisimama. Mimi, mwalimu, niliyesoma chuo miaka miwili, nilisimama pale nikihesabu mwiko. Aayo alinipita, na aliponipita alinisukuma kwa kiwiko. Akaketi kwenye tope, akamkumbatia Germana kwa nyuma na mikono yote miwili, akamfunika kwa shuka lake mwenyewe. Yeye aliyemtenga, yeye aliyekuwa akinikemea nikisogea mlangoni. Akaichukua kamba akaitupa korongoni. Kisha akamwimbia kwa Kiiraqw kama anavyoimbiwa mtoto, wakati mimi bado nimesimama.

Nyumbani alimlaza kitandani kwake. Alimpa uji kwa kijiko, kijiko kimoja kwa Germana, na kijiko kilekile kwake mwenyewe, akinitazama usoni kila alipomeza. Germana alipofumba macho, Aayo akasema bila kupaza sauti:

"Mzee Margwe haumwi. Nimemwuliza leo kanisani. Anasema hajaona hata kivuli chako tangu maharage yatoe maua."

Nikaanza kutaja daraja.

"Mimi nilimtenga kwa miezi miwili," akasema. "Hii mingine ni yako."

Jumatatu 6 Juni

Hyasinta amekuja. Aayo amemfungulia mlango mwenyewe, akampa kiti. Wanapokezana kukaa na Germana, hawamwachi peke yake hata kwenda chooni. Kamba zote, visu na ile dawa ya kunyunyizia mahindi, Hyasinta amezikusanya na kwenda nazo.

Nimemwuliza kama analipwa kwa kila mgonjwa. Imenitoka tu. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu macho yake yakajaa machozi, akaniambia dada yake alikuwa na hali hii hii huko Mbulu, na hakukuwa na mlango wa kumpeleka.

Keshokutwa ni Jumatano ya pili. Nimeomba trekta la kijiji.

Jumatano 8 Juni

Tumekwenda. Germana alikaa katikati ya Aayo na Hyasinta kwenye tela, mimi nikasimama nyuma. Tulifika saa tatu.

Dakta Moringe alinikumbuka. "Mwalimu wa kichwa," akasema, bila kejeli. Aliomba aongee na Germana, na Hyasinta akae ndani, sisi tungoje nje. Hapo nilikataa. Nilisema mke wangu hawezi kuhojiwa bila mimi kuwapo. Germana akageuza shingo, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu Februari.

"Toka."

Nikatoka. Nilikwenda kusimama chini ya dirisha. Aayo aliniona akageukia upande mwingine. Sikusikia mengi, daktari anaongea chini chini. Nilisikia sauti ya Germana, maneno sikuyapata. Mara moja nikasikia wazi daktari akimwuliza, "Unawaza kufa?" Nikasukuma mlango nikaingia.

"Unamfundisha, Dakta! Unamtia wazo hilo!"

Hakusimama. "Wazo lilikuwepo, Mwalimu. Amekaa nalo peke yake miezi minne. Nimemwomba alitue hapa kidogo. Subiri nje, nitakuita."

Saa nzima. Nimeona watu wakiingia kwa daktari wa meno na kutoka kwa dakika tano.

Alipoita ilikuwa zamu yangu peke yangu. Nilikaa kwenye kile kiti cha Aprili, na nikamwuliza mimi kwanza, ili nisitangulie kuulizwa: kazi yake hasa ni nini? Alifikiri.

"Umewahi kuchunga?"

"Nyumbani kwetu tunao ng'ombe wachache."

"Ng'ombe akiacha kula unafanya nini?"

"Namtazama ulimi. Kwato. Namwuliza mchungaji alilishwa wapi, alikunywa maji gani."

"Hukimbilii kumpiga sindano."

"Hapana."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Tofauti ni kwamba mtu anaweza kunijibu mwenyewe, kama nikingoja. Mkeo anaumwa. Si kichaa na si laana. Ni huzuni iliyozidi mpaka mwili wenyewe umeacha kula na kulala. Wanawake waliojifungua huipata, hata wale ambao mtoto yuko hai. Dawa ipo, atapona, lakini itachukua wiki kadhaa, na wiki hizo asiachwe peke yake."

"Na Dodoma?"

"Wapo ninaowapeleka Dodoma. Wengi wamerudi, hawasemi tu walikwenda wapi. Mkeo hana haja ya kwenda." Akageuza kalamu mezani. "Ameniambia habari ya kutengwa. Sina ugomvi na desturi, kwetu pia zipo. Nataka kujua inakwisha vipi."

Nikamweleza. Maua ya maharage, mzee Margwe, siku ya kuoshwa.

"Nani anapaswa kuomba siku?"

"Mume."

"Maharage yalitoa maua lini?"

Nilijua tarehe. Nimeiandika humu humu, kwa mkono wangu, na baada yake nimeandika kila siku ambayo sikwenda. Nilijianzishia daftari la kumbana mtu, na aliyebanwa ndani yake ni mimi.

"Kwa nini hukwenda?" akauliza. Hakuniuliza kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Nilisema mvua, nikasema daraja, nikasema mtihani wa darasa la tano. Alingoja. Nikasema basi, kwamba akioshwa atarudi chumbani, na akirudi chumbani tutakaa wawili, na atasema, na mimi sijui nitaweka wapi uso wangu. Akiwa nyuma jikoni, jambo hili linakuwa la Aayo na wazee, si langu.

"Mtoto alikuwaje?" akauliza.

"Alikufa, Dakta."

"Hilo najua. Nimeuliza alikuwaje."

Nilimwambia sijui. Walipomleta nje amefungwa kwenye kanga nilikuwa nimesimama uani, na nilitazama zizi mpaka wakapita. Aliitikia kwa kichwa, akanipa vidonge kwenye karatasi iliyokunjwa, kimoja kila jioni, na akasema vikae kwa Aayo, si kwa mgonjwa.

Bado simwamini mtu asiyepima hata joto.

Ijumaa 10 Juni

Jana jioni nilikimeza kimoja mwenyewe, nijue wanampa nini mke wangu. Leo nimelala nikiwa nimesimama kwenye mstari wa asubuhi, bendera inapandishwa, na mdomo umekauka kama nimekula majivu. Mwalimu mkuu anaamini nilikunywa pombe. Aayo amehesabu vidonge akajua. Amesema nikiwa na wasiwasi tena nimwulize daktari, ndiyo maana ana mdomo.

Germana amelala usiku mzima, mara ya kwanza.

Jumapili 12 Juni

Nimekwenda kwa mzee Margwe. Daraja limetengenezwa zamani. Alinikaribisha, akanipa kigoda, hakuniaibisha. Alisema Jumamosi ijayo, na kwamba siku nyingine nisimngojee mzee aumwe. Kwa hiyo alikuwa ameambiwa. Nimeomba radhi.

Jumamosi 18 Juni

Germana ameoshwa. Wazee wamesema maneno yao, wamemnyunyizia maji, jirani wote wakaja na kumshika mkono, wengine wakilia. Hyasinta alikuja akiwa amevaa gauni la Krismasi. Germana hakutabasamu, lakini alisimama mwenyewe mpaka mwisho na alikula kutoka chungu cha watu wote. Amerudi chumbani kwetu. Tumelala kila mtu na ukuta wake.

Ijumaa 24 Juni

Tunavuna maharage. Germana amepepeta kidogo, akachoka.

Alhamisi 30 Juni

Amemkemea kuku. Aayo ametoka mbio kuja kunieleza shuleni, amesimama dirishani kwangu wakati wa somo la jiografia: "Amemkemea kuku!" Darasa zima limecheka bila kujua wanacheka nini. Nami nimecheka, nikageukia ubao ili wasione uso wangu.

Jumanne 5 Julai

Tunasema habari za maharage, za kuni, za Aayo. Tukifika karibu na Februari tunakaa kimya. Kila siku nasema nitamwuliza lile swali la daktari. Sijauliza.

Jumatano 13 Julai

Karatu tena. Safari hii tumetembea, mimi na yeye na Hyasinta, polepole, tukipumzika mara tatu. Kwenye benchi alikuwepo Nalotuesha wa Kakesio na mwanawe. Akamtazama Germana, akamwuliza kama alivyoniuliza mimi: "Na wewe unaanguka?" Germana akajibu, "Nilikuwa," na Nalotuesha akasogea akampa nafasi kwenye benchi.

Dakta Moringe ameridhika. Dawa ziendelee miezi kadhaa hata akijisikia mzima. Mlangoni alinishika bega.

"Umemwuliza?"

"Nikimwuliza nitamwumiza upya, Dakta. Siku hizi anakula."

"Labda atalia. Kulia siyo kuumwa."

"Na kama nimekosea kuuliza?"

"Mlango huu unafunguliwa kila mwezi."

Nilimchunguza usoni kuona kama ananichezea. Nimemchunguza tangu Aprili. Amevaa koti lilelile, amechoka, kwenye benchi wako watu kumi na mmoja wanamngoja, na mbali na maswali sijapata kitu cha kumshika nacho.

Jumapili 17 Julai

Aayo amebaki kanisani kwa mkutano wa akina mama. Tulikuwa wawili uani, adhuhuri, jua la baridi, Germana anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda. Nilikaa muda mrefu mpaka akaacha kuchambua.

"Germana," nikasema, "mtoto alikuwaje?"

Nilidhani atainuka aondoke. Aliuweka ungo chini. Alinitazama, na alikuwa na hasira, nikaiona, na nikaona ni haki yake.

"Hakuna mtu aliyeniuliza," akasema. "Hata mmoja. Daktari tu."

"Nakuuliza mimi."

"Ulikuwa umegeukia zizi."

"Ndiyo. Niliogopa."

Akakung'uta vumbi mikononi. Kisha akaanza, akitazama mikono yake, na mikono ikawa inaonyesha ukubwa.

"Alikuwa wa kike. Alikuwa mzito. Watu wanadhani hakuwa na uzito, lakini nilipompakata mkono ulichoka. Alikuwa na nywele nyingi, zimelalia upande mmoja. Kidevu cha Aayo. Nilimfunua miguu kabla hawajamchukua, nikavihesabu vidole, vyote vilikuwepo. Kwenye mguu wa kushoto, kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya cha tatu. Kama wewe."

Nililia. Naandika wazi kwamba nililia, kwa sauti, uani kwangu, adhuhuri, na kama kuna jirani aliyesikia basi alisikia. Germana alilia pia. Alisogeza kigoda chake karibu na changu mpaka magoti yakagusana.

"Mguu upi?" nikamwuliza baadaye.

"Wa kushoto."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Raphaeli."

Nimekaa na mwili huu miaka ishirini na tisa, na sikuwa nalijua jambo hilo. Nilivua kiatu, nikavua soksi, nikatazama. Ni kweli.